Utitiri wa Mwamba wa Malakisi

Wenzangu wa maabara, siku ile ya kuniaga nikistaafu, mliponipikia pilau na kunifungia blanketi kwa karatasi ya maua, mmoja wenu alisema, "Madam Wambui, usiende na yote kichwani, tuandikie hata kidogo." Nilicheka nikapita. Sasa ni wiki ya tatu niko hapa nyumbani Matisi, kazi yangu kuchagua maharagwe na kugombana na kuku wa jirani, nikaona heri niandike. Mambo ya vyeo hamtayapata humu. Ya mshahara mnayajua wenyewe. Nitaandika habari za mwalimu wangu, Mzee Nyongesa, na za wadudu fulani waliokuwa wakiishi kwenye mwamba mmoja kule Malakisi na si mahali pengine popote tulipowahi kutafuta, na jinsi walivyokwisha. Wengi wenu mmesikia nusu. Nusu nyingine iko kwangu.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mitatu, cheti cha maabara mkononi na viatu vya kisigino miguuni. Nilijua nitakaa ndani, nivae koti jeupe, nipime damu za watu. Mzee Nyongesa alinikuta mlangoni pa kituo, akaviangalia viatu kwanza, uso baadaye.

"Utapanda mawe na hiyo?"

"Niliambiwa ni kazi ya maabara, Mzee."

"Maabara iko. Lakini mijusi hawakujangi wenyewe, binti yangu. Lazima mtu aende."

Akanipa gambuti zake za akiba, nikajaza magazeti ndani ili zisinivuke, na mchana huo nikapanda mwamba wa kwanza maishani mwangu nikiburuta miguu kama bata. Yeye alikuwa mtu mfupi, mwepesi, mwenye sauti ya chini. Kwao walikuwa wakulima wa tumbaku. Aliachia shule darasa la saba, akaajiriwa kubeba vizimba, na kwa kubeba vizimba akajifunza kila kitu kilichokuwa ndani. Alikuwa na ufito mrefu wenye kitanzi cha uzi wa nailoni kwenye ncha. Anamkaribia mjusi anayeota jua, pole pole, anaongea naye Kibukusu kwa upole kama anayemwomba radhi, halafu kitanzi kiko shingoni. Mimi miezi mitatu ya kwanza nilinasa majani.

Tulichokuwa tukitafuta si mjusi mwenyewe. Tulitafuta utitiri wake, wadudu wadogo wa jamii ya kupe, wekundu, wengine hata chembe ya pilipili ya unga ni kubwa kuliko wao. Najua mkisikia utitiri mnafikiria kuku. Mama yangu naye alifikiria hivyo hivyo. Wageni walipomuuliza binti yake anafanya kazi gani alijibu, "Yuko serikalini," akabadilisha mazungumzo. Jirani mmoja hapa Matisi aliyejua ukweli aliutangaza kanisani: ati Wambui alisomeshwa mpaka mwisho ili ahesabu chawa za mijusi. Hakukosea sana.

Wiki yangu ya kwanza ndani niliandika vibandiko sitini vya chupa kwa kalamu ya wino, mwandiko mzuri, nikavitia ndani ya spiriti pamoja na wadudu. Kesho yake asubuhi nikakuta chupa sitini za maji ya bluu na karatasi nyeupe. Mzee hakunipigia kelele. Alichonga penseli akanipa, akarudi kwenye hadubini yake. Nilirudi miambani wiki mbili nzima kutafuta upya. Mkiona bado natembea na penseli sikioni, msidhani ni madoido.

Siku ambayo kazi hii ilinishika moyo ilikuwa kule Malakisi, kwenye mwamba mkubwa nje ya mji, karibu na mabanda ya kukaushia tumbaku. Alikuwa amenasa dume kubwa, kichwa rangi ya machungwa na mwili wa buluu. Akanigeuzia shingo yake.

"Wambui, kuja uone. Si unaona kama kamfuko hapa?"

Kweli, pembeni mwa shingo ngozi ilijikunja ikafanya kijumba kidogo, laini, bila magamba. Nikaweka lensi jichoni. Ndani walikuwa wamejaa, wekundu, wamebanana kama waumini siku ya Krismasi.

"Hii mfuko ni ya nini, Mzee?"

"Ni yao."

"Mjusi awajengee nyumba wadudu wanaomnyonya?"

"Sasa atafanya nini? Amejaribu kuwafukuza tangu zamani za zamani, ameshindwa. Akaona heri awapatie chumba chao, wakae hapo, wasizunguke mwili wote. Na wao wakakubali. Sasa wamezoeana."

Daktari wetu, mkuu wa kituo, alikuwa akiwaeleza wageni jambo hilo hilo kwa maneno marefu zaidi: kwamba mjusi na mdudu wake wamebadilishana maumbile kwa vizazi vingi visivyohesabika, huyu akisogea na yule anamfuata. Wageni waliandika. Mimi nimebaki na maneno ya Mzee.

Na tulijaribu kuwatenganisha, kwa miaka. Tuliweka mjusi wa mwambani na mjusi wa ukutani kwenye sanduku moja, walale pamoja, wale pamoja. Utitiri wa mwambani haukuhamia kwa wa ukutani hata siku moja. Tuliwahamisha sisi kwa mkono, kwa brashi yenye unywele mmoja, mdudu baada ya mdudu. Walizunguka juu ya yule mjusi mgeni, wakatafuta mahali pao, wakakosa, wakafa njaa wakiwa wamesimama juu ya chakula. Nilipoona hivyo mara ya kwanza nilisikitika, nikashangaa kwamba nawasikitikia. Mzee alisema, "Hii haikaangi kwa mwingine. Ukimwondolea mwenyewe, umemuua."

Yeye ndiye aliyegundua kwamba utitiri wa mwamba wa Malakisi ni wa peke yake. Wa miamba mingine ya Bungoma ulikuwa na umbo moja. Huu ulikuwa mpana kuliko urefu wake, kama mbegu ya nyanya iliyolazwa ubavu, na nywele za miguu ya nyuma zilipungua mbili. Tulipanda miamba kuanzia upande wa mlima mpaka mpakani tukitafuta mwingine kama huo, hatukupata. Daktari alituma picha kwa wataalamu wa ng'ambo. Wakajibu kwamba wanakubali ni mgeni kwao, lakini kabla ya kumpa jina wanataka kuona dume. Madume wa utitiri huu ni adimu ajabu. Mzee Nyongesa alitafuta dume miaka kumi na moja. Kila Jumatatu alifika kazini akasema, "Leo tutampata," na kila Ijumaa akafunika hadubini kwa kitambaa.

Alistaafu hajampata. Macho yalikuwa yameanza ukungu tayari. Siku ya kuondoka alinikabidhi ufito, brashi na kibano, akaniambia mbele ya watu, "Mimi naenda kulima. Wale wangu nakuachia wewe, binti yangu." Watu walicheka, maana alisema kwa sauti ya mtu anayeacha watoto. Mimi sikucheka.

Miaka ikapita nikawa mkubwa wa kikosi cha nyanjani. Kisha ikaja habari kwamba mwamba wa Malakisi umeuzwa na utapasuliwa kokoto. Barabara zinajengwa, watu wanahitaji nyumba, sina kinyongo na kokoto. Niliomba tupewe muda tuwahamishe mijusi. Tukapewa siku nane kabla ya mashine. Daktari alitafuta mahali akapata kilima kidogo cha mawe upande wa Mabanga, ndani ya shamba la mtu mmoja mfugaji, mahali pasipo na mijusi wa aina hiyo. Nilikwenda nyumbani kwake, huko huko Malakisi, kumwambia Mzee. Alikuwa ameketi nje ya nyumba, macho meupe sasa, anaona mwanga tu. Alinishika mkono.

"Mijusi watakaa popote palipo na mawe na jua. Mimi naomba wale wengine. Wafike wakiwa hai."

"Watafika, Mzee."

Hilo ndilo aliloniomba, hakuniomba lingine.

Tulinasa mijusi arobaini na wawili kwa siku sita, kila mmoja kwenye mfuko wake wa kitambaa. Siku ya saba nilikwenda Mabanga kumwona mwenye shamba tukubaliane mlango wa kuingilia. Alinipokea vizuri, akanipa maziwa lala, akanionyesha ng'ombe wake. Kisha akauliza kama wanyama wangu wameogeshwa.

"Hawa hawahitaji, bwana. Wadudu wao hawawezi kushika ng'ombe. Nimefanya kazi hii miaka mingi, hawawezi hata kushika mjusi mwingine."

"Madam, mimi sikatai. Lakini ng'ombe zangu ni za gredi. Hapa hata mbuzi wa shemeji haingii kabla ya dawa. Ukiwaosha, leta hata mia. Usipowaosha, si itabidi uwatafutie kwingine?"

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ningeweza kusimama. Ningempigia Daktari. Ningerudi kesho yake na lensi nimwonyeshe. Lakini mashine zilikuwa njiani, mijusi wa kwanza walikuwa wameshakaa mifukoni siku sita, na kuna jambo lingine ambalo naona aibu kulisema: moyoni nilimwona ana haki. Mimi nimezaliwa kwenye ng'ombe. Baba yangu alipohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, jambo la kwanza alilolijenga kabla hata ya choo lilikuwa mahali pa kuogeshea ng'ombe. Kwetu mnyama wa kuletwa hakukanyaga boma hajaoshwa, na mtu aliyefanya hivyo alihesabiwa mchafu. Nilisikia sauti ya baba ndani ya ile sauti ya mwenye shamba, nikatii kama mtoto.

Nikajipangia hesabu yangu. Nitawaosha thelathini na sita. Sita nitawaficha na utitiri wao, nitawapeleka kituoni kwetu Kitale, na mwenye shamba akishazoea nitawaleta kimya kimya wakae na wenzao, utitiri utasambaa wenyewe. Niliona ni akili kubwa. Nilichanganya dawa ya kupe kwenye beseni, nikaipunguza makali sana, maana mjusi si fahali, nikawapaka mmoja mmoja kwa brashi shingoni na makwapani. Kazi ilianza asubuhi ya siku ya nane ikaisha saa tisa alasiri. Waliobaki sita walikuwa kwenye mifuko michafu ya siku nyingi, nikawahurumia. Nikasema wasisafiri hivyo mpaka Kitale. Nikawatoa mmoja mmoja nikawahamishia mifuko safi.

Nilikuwa sijanawa mikono.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingefanya hivyo. Mimi nilifanya. Nilichoka, jua lilikuwa kali, nilikuwa najisifu kimoyomoyo kwa ule ujanja wangu wa mijusi sita, na vidole vyangu vilikuwa vimelowa dawa tangu asubuhi hata sikuisikia harufu tena. Niliwashika shingoni, kama tunavyomshika mjusi siku zote, kidole gumba upande huu na cha shahada upande ule. Pale pale penye mfuko.

Siku ya nne Kitale nilifungua mfuko mmoja nikamwangalia mjusi shingo. Wadudu walikuwa wamekauka, rangi ya kutu, wanadondoka mezani. Nikafungua wa pili. Nikafungua yote sita. Nilikaa kwenye kile kiti kirefu nikalia kwa sauti, yule mfagizi wetu akakimbia kuniletea maji akidhani nimefiwa. Nilimwambia ndiyo, nimefiwa.

Nilirudi Malakisi kesho yake. Mwamba ulikuwa tayari una mdomo mweupe upande wa mashariki na vumbi limetanda. Nilizunguka vipande vilivyobaki siku tatu. Nilinasa majike mawili, wote walikuwa na utitiri ule wa kawaida wa miamba mingine, hawakuwa wenyeji. Nikaenda Mabanga nikitumaini dawa imekosa hata mmoja. Mijusi walikuwa wazuri, wanene, madume wanatikisa vichwa juu ya mawe mapya kana kwamba wamezaliwa pale. Niliwanasa nikawaangalia shingo, mifuko yote mitupu. Nilirudi mwezi uliofuata na uliofuata, mpaka wakaanguliwa wadogo. Wadogo nao walizaliwa na mfuko shingoni, umetengenezwa vizuri, na ndani hakuna mtu.

Daktari nilimwambia ukweli. Alisema mijusi wamepona na hilo ni jambo kubwa, tuandike ripoti ya mijusi. Tukaandika. Watu walitupongeza, mnakumbuka ile keki. Sikuonja.

Mzee Nyongesa sikumwambia. Hili nalo naliandika lilivyo. Nilikwenda kwake kwa nia ya kumwambia. Nikamkuta ametoka hospitali siku mbili zilizopita, amekonda, mkewe Mama Rosa anamshikia kikombe. Aliposikia sauti yangu alijaribu kuinuka.

"Walifika?"

"Walifika, Mzee."

"Na wale wangu?"

"Wako wazima."

Alicheka. Mama Rosa akasema ni mara ya kwanza acheke tangu wamtoe wodini. Ulimi haukuniteleza, wenzangu. Nilisema nikijua ninachosema. Nikajiambia ni mgonjwa, acha apate nguvu, nitamwambia wiki ijayo. Wiki ijayo alinipigia simu mwenyewe. "Haro, binti yangu. Watoto wetu wanaendeleaje?" Nikasema wanaendelea vizuri. Ikawa hivyo kila Jumapili jioni, zaidi ya mwaka. Nilifikia hatua ya kumtungia habari: wameongezeka, mfuko wa yule dume mkubwa umejaa. Aliuliza kama nimeona dume wa utitiri. Nikasema bado, tunatafuta.

Kisha akaniomba nimletee mjusi mmoja amshike kabla hajafa. Nilitafuta visingizio vikaisha. Mwishowe nikakubali, na mtanisamehe kama mtaweza, nilikubali kwa kuwa alikuwa haoni. Nilidhani nitaweka mjusi mkononi mwake, atafurahi kwa uzito wake na makucha yake, nitamrudisha mfukoni, yataisha.

Nilimpelekea mjusi dume. Alimpokea kwa mikono miwili, akamwambia maneno yale yale ya Kibukusu. Akapitisha kidole mgongoni, mkiani, akarudi kichwani. Halafu akakiingiza kidole gumba taratibu kwenye mfuko wa shingo, akakisugua kwa ukucha. Akaenda upande wa pili akafanya vile vile. Akabaki amemshika.

"Hapa hakuna mtu," alisema.

Niliukunja ule mfuko mtupu magotini.

"Ulimwosha?"

"Nilimwosha, Mzee."

"Huyu peke yake?"

"Wote. Siku ile ile ya kuwahamisha. Wale sita nilioficha nikawaharibu kwa mikono yangu."

"Na simu?"

"Nilikuwa nakudanganya."

Mama Rosa alikuja na chai na viazi vitamu, akatuona, akaviweka chini akaondoka. Mzee alimrudisha mjusi mfukoni mwenyewe, kwa kupapasa, akafunga kamba. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

"Kuna kitu sikuwaambianga," alisema. "Nikiwa bado na kazi, nilichukua mijusi watano wa ule mwamba nikaleta kwa mawe ya shamba la mdogo wangu, hapo chini. Sikuambia Daktari, angenikemea. Nilitaka tu wakae karibu na mimi. Walizaana. Na utitiri wao. Kila Jumapili nikitoka kanisa nilikuwa napitia hapo nawaangalia, mpaka macho ikakataa."

Nilisimama. "Mzee, wako wapi? Twende sasa hivi."

"Kaa chini."

"Mzee, tukipata hata mmoja..."

"Kaa chini, Wambui. Mdogo wangu alitaka kujengea kijana wake nyumba. Akakuja kuniuliza, hii mawe iko na kazi? Mimi nikafikiria, wale wengine wako Mabanga, wako wengi, Wambui anawaangalia. Nikamwambia toa tu."

"Lini?"

"Krismasi iliyopita."

Krismasi hiyo nilikuwa nimeshamdanganya miezi tisa.

Nilikwenda hivyo hivyo. Ni mwendo wa dakika kumi kushuka. Nyumba ilikuwa imefika kwenye linta juu ya milango, nzuri, madirisha mapana, na mawe ya msingi ni yale yale yaliyopasuliwa pale pale. Mdogo wake alidhani nimekuja kumpongeza. Nilizunguka ua, nikapekua rundo la vifusi, nikatazama kila ufa wa mti na nguzo mpaka jua likapinda. Nilipata mjusi mmoja wa ukutani, yule wa kawaida wa majumbani. Nilimwangalia shingo hata hivyo.

Niliporudi, Mzee alikuwa pale pale kitini, chai imepoa.

"Hakuna?"

"Hakuna."

"Basi ni mimi niliwamaliza," alisema. "Ruhusa ilitoka kwangu."

"Hapana, Mzee. Ni mimi. Usiseme hivyo."

"Wewe ulikosea ukiwa kazini. Kazi iko na makosa. Mimi walikuwa hapa nyumbani kwangu, nikaulizwa na mdomo, nikasema toa." Akaanza kulia, machozi kutoka macho yale yasiyoona, na mimi sikujua pa kuweka mikono yangu. Tulibishana hivyo mpaka Mama Rosa akaja kumwingiza ndani. Nilikwenda mara nyingine mbili kabla hajafariki. Mara zote mbili nilimwambia ni kosa langu, na mara zote mbili aliniambia nisimfariji.

Tulimzika hapo hapo kwao Malakisi. Watu walikuwa wengi, hema tatu. Ulipofika wakati wa kueleza maisha ya marehemu, mdogo wake alishika kipaza sauti akasema kaka yake alikuwa mtu wa huruma sana, hata alikufa akijilaumu kwamba aliua wadudu fulani kwa kutoa mawe shambani. Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha matangani, bila ubaya. Mama Rosa aliinama. Kisha kipaza sauti kikaja upande wetu wa wafanyakazi wenzake, kikapita mkono kwa mkono, kikafika kwangu. Nilisimama. Nikasema marehemu alikuwa mwalimu mzuri, alinifundisha kutumia penseli, Mungu amlaze mahali pema. Nikakipitisha kwa mwingine nikaketi.

Nilichopaswa kusema mbele ya wale watu wote, na Mama Rosa akisikia, ni kwamba aliyatoa yale mawe kwa sababu mimi nilimwambia wako wazima.